Zamu ya dagaa

Kikundi: NYUMBANI IGOGO

[03:42] Neema: Kuna mtu yuko macho? Huyu mtoto kaamka saa saba, mpaka sasa kakodoa macho tu. Nikimlaza, kilio. Mchana kutwa analala hata bodaboda zipige honi dirishani.

[03:45] Masanja: Mimi niko macho, tuko majini. Giza totoro, dagaa wanapanda.

[03:45] Masanja: Huyo kafuata zamu ya baba yake 😂

[03:46] Neema: Masanja usinichekeshe, nina usingizi wa wiki tatu.

[05:58] Mama: Tumbo linamsokota huyo. Mpe maji ya uvuguvugu na sukari kidogo.

[06:10] Kabula: Shikamoo mayu. Maji hapana, hata ya sukari. Maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6.

[06:11] Mama: Marahaba. Nimelea saba, na wewe ukiwemo, nesi.

[06:14] Kabula: Na nakushukuru 😄 Wifi, usiku unawasha taa?

[06:15] Neema: Ya chumbani haizimwi. Naogopa nisimwone.

[06:15] Kabula: Na mchana?

[06:17] Neema: Mapazia nimeshusha. Wageni wakija tunanong'ona, mtoto amelala.

[06:21] Mama: Ndiyo maana! Sisi usiku ilikuwa koroboi, mtoto angeangalia nini? Asubuhi unatoka naye uani, anasikia kuku, anasikia watu wanatwanga.

[06:24] Kabula: Mayu hapo umepiga penyewe. Mtoto anazaliwa hajui usiku wala mchana. Tumboni ulipokuwa unatembea ulikuwa unambembeleza, analala. Ukijilaza ndipo anarusha mateke. Unakumbuka?

[06:25] Neema: Mateke ya saa nane nayakumbuka sana.

[06:29] Kabula: Basi mwanga ndio unaomfundisha. Asubuhi fungua mapazia, kaa naye barazani kivulini, muongeleshe, redio iendelee. Mchana akipitisha masaa 3 bila kunyonya, muamshe. Usiku washa taa hafifu tu, mnyonyeshe, mcheulishe, mrudishe. Hakuna stori, hakuna simu usoni. Nepi badilisha akiwa amechafua.

[06:30] Neema: Kwa hiyo atalala mpaka asubuhi?

[06:33] Kabula: Thubutu! Tumbo lake dogo, anahitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Kwa siku nzima anaweza kulala saa 14 hadi 17, ila vipande vipande. Usiku wenyewe utaanza kuonekana akifika miezi 2 au 3. Tunachotafuta sasa ni akiamka anyonye arudi, asikeshe.

[06:40] Mjomba: Samahani kuingilia, mchango wa sendofu mwisho Ijumaa.

[06:40] Kabula: Mjomba tuko kwa mtoto 🙏

[06:44] Mama: Mlaze ubavu, asipaliwe.

[06:47] Kabula: Chali mayu, kila akilala. Ndiyo salama zaidi, na akicheua hapaliwi kirahisi unavyofikiri. Godoro gumu kiasi, mto hakuna, blanketi lisifike usoni, chandarua kimechomekwa. Na ile kofia ya sufu mvue akilala, Mwanza hii!

[06:48] Mama: Kofia nilifuma mimi.

[06:49] Kabula: Avae kwenda kliniki ❤️

[06:52] Kabula: Wifi, hili usilisahau: akilala mpaka haamki kunyonya, au mwili ukachemka, usisubiri kuandika hapa. Mlete kituoni saa hiyohiyo.

[06:53] Neema: Sawa wifi. Nafungua mapazia.

Siku tisa baadaye

[06:20] Neema: Jana kaamka saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Kila mara kanyonya, akarudi. Juzi tulikesha kidogo, nilimchekea nikajisahau.

[06:22] Mama: Asante Mungu. Nakuja kumtoa barazani.

[06:31] Masanja: Hapa mbalamwezi imejaa, dagaa hawaji kwenye taa. Narudi leo. Mke wangu, nitandikie, nalala mpaka jioni.

[06:33] Neema: Karibu. Ila mchana hapa mapazia yako wazi na redio inaimba.

[06:33] Masanja: Na mimi?? 😳

[06:34] Neema: Wote wenye zamu ya dagaa.

[06:36] Mama: Njoo ulale kwangu baba. Uje na dagaa.