Naomba ushauri: nimekuta dawa ya macho kwenye soksi ya mwanangu wa kidato cha pili

Mama wa Kirumba
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Ninaishi Kirumba, Mwanza, na ninauza dagaa wakavu. Mwanangu wa kwanza ana miaka 15. Tangu Aprili, kila zinapofika siku za giza na wavuvi wa dagaa kuingia ziwani na taa zao, amekuwa akiamka saa kumi usiku kwenda mwaloni, mitumbwi inakofikia, kumsaidia mjomba wake kushusha na kuanika mzigo, nami nilifurahi kwa sababu alirudi na fedha ya madaftari. Sasa fedha hiyo haifiki nyumbani. Jumamosi, nilipokuwa nikifua, nilikuta ndani ya soksi yake chupa ndogo ya dawa ya macho, ilhali hajawahi kuugua macho, pamoja na maganda makavu ya chungwa ambayo nadhani huyatafuna ili kuua harufu. Amegombana na rafiki yake wa tangu darasa la kwanza, na nikimuuliza jambo dogo hunijibu huku akitazama mlango. Baba yake yuko Geita kikazi na anasema atakuja kumchapa. Mtoto mwenyewe bado sijamwambia nilichokikuta. Je, hizi ni dalili za dawa za kulevya, na nianzie wapi?

Muuguzi wa Zamu
Pole sana, mama. Bangi huleta macho mekundu, na wanaovuta huyaficha kwa dawa ya macho. Pombe hujulikana kwa harufu na mwendo. Mirungi humkeshesha mtu, ikamfanya aongee sana na kukosa hamu ya chakula. Hata hivyo, hakuna dalili inayotosha peke yake, kwa maana mtoto anayeamka saa kumi usiku atakuwa na macho mekundu na hasira hata kama hajagusa chochote. Kinachonitia wasiwasi katika maelezo yako ni kwamba fedha, rafiki na tabia vimebadilika kwa wakati mmoja. Zungumza naye akiwa ametulia, mkiwa wawili tu, na umwambie ulichokiona, si unachokidhani.

Mjumbe wa Mtaa
Dada, usimbembeleze. Mpeleke polisi wamtishe kidogo, kisha apelekwe kwenye metadoni kabla hajaharibika.

Muuguzi wa Zamu
Ndugu Mjumbe, naheshimu nia yako, lakini metadoni ni tiba ya waraibu wa heroini na dawa za jamii hiyo. Haitibu bangi wala pombe. Mtoto aliye mwanzoni anahitaji kuzungumza na mtaalamu wa afya ya akili, na huduma hiyo ipo katika hospitali za Bugando na Sekou Toure. Mzazi anayeona haya kuanzia hospitali anaweza kupiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Baba wa Igoma
Mama, mwombe mumeo asichape. Mimi nilichapa. Kijana wangu alihama nyumbani usiku uleule, akalala kwenye mitumbwi wiki tatu, na huko ndiko alikojifunza gongo, kwani mpaka siku ile alikuwa akivuta bangi tu. Sasa amerudi na anafanya kazi gereji, lakini hadi leo akinisikia nikikohoa sebuleni hutoka kwa mlango wa nyuma.

Mvuvi wa Ukerewe
Nasema jambo ambalo sisi wa ziwani hatupendi kulisema. Alfajiri mwaloni kuna baridi na usingizi, na mtu mzima humpa kijana pombe kidogo au pafu la msokoto ili mikono isilegee. Pombe za viroba, yaani za vifuko vya plastiki, zilipigwa marufuku mwaka 2017, ila chupa ndogo zipo. Mimi mwenyewe nimewahi kuwapa watoto wa wenzangu, nikidhani ninawasaidia, na jambo hilo linaniuma. Mtoto wa miaka 15 mwenye fedha taslimu mfukoni saa kumi na mbili asubuhi, katikati ya watu wazima waliochoka, hahitaji rafiki mbaya wa kumpotosha. Mtoe kwenye kazi ya usiku. Kama ada inahitaji jasho lake, na aanike mchana, na mjomba akukabidhi wewe ujira wake. Tena mjomba aulizwe, na aulizwe kwa uwazi.

Mama wa Kirumba
Ahsanteni sana. Jumapili tulikaa uani tukichambua dagaa, nikaiweka ile chupa juu ya gunia bila kusema neno. Alichambua karibu sinia zima, kisha akasema ni bangi, mara nne au tano, na kwamba anayempa ni mtu wa mtumbwi wa mjomba wake. Niliishiwa nguvu, lakini sikupaza sauti. Mjomba anadai hakujua; sijui kama namwamini, ila mtoto harudi tena huko usiku. Baba yake amekubali kuongea naye kwa simu kwanza. Alhamisi tunakwenda Sekou Toure. Muuguzi, je, niingie naye kwa daktari?

Muuguzi wa Zamu
Ingia naye mwanzoni, ueleze ulichokiona, kisha utoke umwachie nafasi. Ndani asiulizwe kuhusu bangi peke yake; aulizwe pia anavyolala, na kwa nini aligombana na yule rafiki yake.