Pete ya kijani ya kila siku: aventurini, krisopresi au prasiolaiti?

Kijani_Kibichi: Wakuu, nataka kutengenezesha pete ya jiwe la kijani la jamii ya kwatzi (quartz). Nimebaki na haya matatu. Nichukue lipi?

Sonara_Mkongwe: Kwa ugumu yamekaribiana sana, 6.5 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs (cha 1 hadi 10). Wewe angalia rangi inatoka wapi. Aventurini ni punje za kwatzi zilizoshikamana, na ndani yake mna magamba ya fuksaiti, yaani mika (madini ya matabaka membamba yanayong'aa) yenye kromiamu. Hayo ndiyo yanayoleta kijani na kumetameta, na jua haliyasumbui. Krisopresi rangi yake ni ya nikeli. Joto na jua kali huweza kuipausha. Prasiolaiti nyingi ya sokoni ni amethisti (kwatzi ya zambarau) iliyopashwa moto, nayo hufifia juani. Mimi nasema aventurini.

Mama_Shanga: Kwa pete sawa, lakini krisopresi safi ina kijani kilichotulia ambacho aventurini haikifikii hata kidogo. Mfalme Frederick Mkuu wa Prussia aliipenda mno. Iweke kwenye hereni au kidani, uihifadhi gizani, utaifurahia miaka mingi.

Mkata_Mawe: Ukichukua aventurini, chagua yenye magamba machache. Mika ni laini kuliko kwatzi, hung'oka wakati wa kung'arisha na kuacha vishimo. Likatwe umbo la kuba. Jiwe lisilopitisha mwanga halifaidiki na pembe nyingi. Na anayekata akate kwa maji, tafadhali! Vumbi la kwatzi linaharibu mapafu moja kwa moja.

Kijani_Kibichi: Asanteni. Kuna muuzaji ana bangili anayoiita "jade ya India". Ni jade kweli?

Sonara_Mkongwe: Jina hilo hupewa aventurini. Ipime: chukua uzito wake hewani, kisha ining'inize kwa uzi ndani ya maji uipime tena. Gawa uzito wa hewani kwa uzito uliopungua. Ukipata karibu 2.65 ni kwatzi. Jade ya nefraiti hutoa kama 2.95, ya jadeiti kama 3.3.

Mama_Shanga: Chunguza na lenzi pia. Vimeta vikiwa vingi mno na vimelingana kila mahali, shuku kioo. Rangi ikiwa imejikusanya kwenye nyufa, jiwe limetiwa rangi.