Niko mwaka wa pili chuoni hapa Moshi, na Kiingereza cha msingi bado kinanishinda: naomba ushauri

Mwana wa Rau (mleta mada)

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wa rika langu, habari za leo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya maendeleo ya jamii katika chuo kimoja hapa Moshi. Nimeuahirisha uzi huu karibu muhula mzima, kwa sababu si jambo jepesi kwa mtu aliyefaulu Kidato cha Sita kukiri kwamba hawezi kuandika aya moja ya Kiingereza bila kunakili mahali.

Nilisoma shule ya msingi ya serikali wilayani Same, ambako masomo yalifundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza kilikuwa somo kama masomo mengine. Tulipoingia sekondari lugha ikageuka ghafla, nasi tukajifunza kukariri: mwalimu anaandika ubaoni kwa Kiingereza, tunanakili, anatufafanulia kwa Kiswahili, na siku ya mtihani tunayarudisha maneno yale yale. Kidato cha Tano nilichukua HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) nikiamini kwamba nimekikwepa Kiingereza. Chuoni nimeishi kwa madesa, yaani maandishi ya wengine ya kunakili na kukariri. Hata somo la stadi za mawasiliano la mwaka wa kwanza nililifaulu kwa kukariri kanuni zake.

Mwezi uliopita kikundi chetu kiliwasilisha kazi kuhusu akina mama wanaouza ndizi katika soko la Mbuyuni. Mhadhiri aliniuliza kwa Kiingereza kama hatukuwahoji wanunuzi. Nikajibu "Yes", nikimaanisha ndiyo, hatukuwahoji. Yeye akaelewa kwamba tumewahoji, akaniambia nieleze wanunuzi hao walisema nini. Nilisimama pale, wenzangu wakiangalia karatasi zao, nami sikuweza hata kusema kwamba hatukuelewana. Tulipoteza alama za kipengele hicho, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba kazi yenyewe tuliifanya vizuri. Nilikaa sokoni siku tatu nikiwasikiliza akina mama wale.

Naomba kujua: mtu mzima wa miaka 22 anaanzia wapi? Sina fedha za kozi, maana bumu (fedha za mkopo wa kujikimu) linaishia kwenye chakula na kodi ya chumba.

Mwalimu wa Majengo

Marahaba mwanangu. Nafundisha Kiingereza sekondari kwa mwaka wa 17 sasa, na kisa chako cha "Yes" nakiona darasani kila wiki. Hukukosea kwa uzembe, bali ulijibu kwa mantiki ya Kiswahili. Kwetu mtu akiulizwa "Hujala?" anajibu "Ndiyo, sijala", kwa sababu analikubali neno la muulizaji. Kiingereza hakiliangalii neno la muulizaji, kinaangalia tendo lenyewe: kama tendo halikufanyika, jibu ni "No", swali liulizwe kwa namna yoyote ile. Hivyo ulipaswa kusema "No, we did not." Ukilishika hilo leo, halitakuangusha tena katika kutetea utafiti wako mwaka wa tatu.

Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu makosa mengi ya wanafunzi wetu yana chanzo cha namna hiyo, nayo si mengi kama yanavyoonekana. Sisi tunasema "nimefika jana" na hakuna anayeshtuka, lakini Kiingereza hakikubali "I have arrived yesterday", kwa kuwa ukishataja wakati uliokwisha kupita, ile "have" haina nafasi tena. Ni "I arrived yesterday" tu. Sisi tunasema "nasikia harufu", ndiyo maana mwanafunzi anaandika kwamba anaisikia kwa masikio. Sisi tuna "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke, ndiyo maana katika ripoti yako mama muuza ndizi anaanza aya akiwa mwanamke na kuimaliza akiwa mwanamume.

Jambo moja likutie moyo. Wewe husemi "kitabu vimepotea", wala hufikiri kabla ya kusema "kitabu kimepotea, vitabu vimepotea", yaani upatanisho wa ngeli zote hizi unaubeba kichwani tangu utotoni. Kitenzi cha Kiingereza kinakudai kidogo mno: katika wakati uliopo, herufi "s" mtendaji akiwa mmoja naye si mimi wala wewe. Usiseme kwamba huna kichwa cha lugha.

Nunua daftari la kurasa 96. Kila jioni andika sentensi 10 za Kiingereza kuhusu siku yako, za kwako mwenyewe, bila kutazama desa. Zisiwe ndefu. Tafuta mtu mmoja anayekuzidi kidogo azisahihishe, kisha kila sentensi iliyosahihishwa uiandike upya ikiwa safi. Usiruke hatua hii ya mwisho, maana wengi husoma masahihisho, wakatikisa kichwa na kufunga daftari.

Huru wa Ngaramtoni

Mimi naona tunamtwisha kijana mzigo usio wake. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu mwaka 1967, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa kukitumia katika ngazi zote. Huyu amefanya utafiti sokoni kwa Kiswahili, na akina mama wamemjibu kwa Kiswahili. Angewasilisha kwa Kiswahili, mhadhiri angeona uwezo wake. Tatizo ni mfumo, na ushauri wa daftari hauugusi mfumo.

Binti wa Usa River

Kaka Huru, hoja yako naiunga mkono, na ningependa tuijadili katika uzi wake. Hata hivyo, huyu ndugu yetu ana mitihani ya mwisho wa muhula, na haitabadilishwa lugha kwa ajili yake.

Nilisoma sheria hapa Arusha. Mwaka wa kwanza nilikuwa kama yeye, sikuweza kuuliza swali darasani. Kilichonisaidia ni kwenda kusikiliza mashauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo vikao vyake viko wazi kwa watu wote, na lugha yake rasmi kwa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 ni Kiingereza. Pale nilikutana na mawakili wa Uganda, Kenya na Rwanda, kila mmoja na lafudhi yake, nikatambua kwamba hakuna aliyekuwa akizungumza kama mtu wa London, na majaji walimwelewa kila mmoja. Hofu yangu ya matamshi iliishia pale. Wewe uliye Moshi huhitaji kupanda basi mpaka huku. Tafuta mihadhara ya wazi chuoni kwako, ukae, usikilize, na uandike sentensi tatu za mzungumzaji jinsi alivyozisema.

Muongoza Watalii, Sakina

Nitakuwa mfupi. Nilianza kazi hii nikiwa na Kiingereza cha kuombea maji. Kila jioni nilikuwa naandika sentensi moja tu: ile niliyotaka kumwambia mgeni siku hiyo nikashindwa. Siku moja ilikuwa "mvua za vuli zimechelewa, ndiyo maana nyumbu hawako hapa". Niliitafutia Kiingereza chake usiku, nikaisema kwa sauti mara nyingi, na kesho yake nikaitumia. Sentensi uliyoikosa ukiwa unaihitaji haisahauliki. Wewe ya kwanza unayo tayari, ni ile ya wanunuzi wa ndizi.

Mstaafu wa Tengeru

Nimefundisha chuo kikuu kwa muda mrefu, na nakiri kwamba sisi wahadhiri tumechangia. Tunapokea kazi iliyonakiliwa, tunaijua kuwa imenakiliwa, na tunaipa alama kwa sababu inasomeka, ilhali ile aliyoiandika mwanafunzi mwenyewe kwa Kiingereza chake kinachochechemea tunaijaza wino mwekundu bila kumwambia arekebishe nini kwanza.

Katika kusoma, usianze na makala za kitaaluma zenye kurasa 30. Anza na vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa wanaojifunza. Maktaba ya Mkoa uiulizie. Ukurasa ukiwa na maneno mageni zaidi ya matano, kitabu hicho bado ni kigumu, kirudishe na uchukue kingine. Baada ya hapo, tafuta katika intaneti orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoiandaa Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000. Ina familia 570 (familia ni neno pamoja na yale yanayotokana nalo) za maneno yanayojirudia katika maandiko ya vyuo vya fani zote. Ukijifunza familia tano kwa juma na kuyatungia maneno hayo sentensi kuhusu soko lako la Mbuyuni, miaka miwili na miezi michache inatosha kuimaliza, na sehemu kubwa utakuwa umekutana nayo kabla hujahitimu.

Mwana wa Rau (mleta mada)

Nawashukuru sana, nimesoma kila neno. Mwalimu, nililiandika jana lile jibu la "No, we did not", na leo nimemfuata mhadhiri ofisini nikamweleza kwa Kiingereza kilichotokea. Nilikwama mara mbili, lakini alinisubiri nimalize. Alama hazikurudi, ila amesema kwamba wasilisho lijalo nianze mimi.

Nimempata pia dada mmoja wa mwaka wa tatu wa kunisahihishia daftari, nami nitamsaidia hesabu za takwimu. Swali langu ni moja: katika zile sentensi 10 za jana amekuta makosa 14, na saba kati ya hayo ni ya "a" na "the". Je, nimwombe ayasahihishe yote kwa pamoja, au tushike kosa la aina moja kwa juma zima?

Mwalimu wa Majengo

Aina moja kwa juma. Anzeni na nyakati za vitenzi, maana hizo ndizo zinazobadilisha maana ya ripoti yako. Hizo "a" na "the" Kiswahili hakina kabisa, zitachukua muda mrefu zaidi, na hata zikikosekana msomaji atakuelewa. Ukifika kwenye juma la tatu, rudi hapa utuwekee sentensi tano tuzione.