Fundi amenitoza shilingi 30,000 kwa kosa la herufi tatu

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Mimi ni karani wa chama kidogo cha wakulima wa kahawa hapa Mbeya, na barua pepe zote za chama huingia kwenye kompyuta moja ya mezani yenye programu ya Thunderbird. Mwezi uliopita fundi mmoja wa Mwanjelwa alitutengenezea kanuni za kuzipanga barua zinapoingia: za ada za wanachama ziende folda ya Ada, za mnada ziende folda ya Mnada, nyingine zibaki kikashani. Tangu siku hiyo sikuiona tena barua hata moja ya mnada kwenye kompyuta hiyo. Sampuli zetu zilichelewa, mzigo ukasubiri mnada mwingine, na mwenyekiti, mzee ambaye hajawahi kunipandishia sauti, alinigombeza mbele ya wajumbe.

Kilichonichanganya zaidi ni simu. Jioni niliiona barua ya mnada kwenye simu, imetulia kikashani. Asubuhi nikawasha kompyuta, nikaenda kumimina chai, niliporudi haipo kwenye kompyuta wala kwenye simu. Sasa najua kwamba kanuni hizo hufanya kazi pale tu Thunderbird inapokuwa imefunguliwa, kwa hiyo usiku kucha barua ilikuwa salama kwa sababu kompyuta ilikuwa imezimwa. Fundi alipoambiwa, alijibu bila kusita kwamba ni virusi. Akapiga Windows upya, akachukua shilingi 30,000, kisha akairudisha kama ilivyokuwa folda yote ya wasifu, yaani ile Thunderbird inamotunza barua na mipangilio yake, ambamo ndimo linamokaa faili la msgFilterRules.dat linalotunza kanuni zenyewe. Ni kuhama nyumba na kunguni wako.

Wiki iliyopita niliwasha mwenyewe kumbukumbu ya kanuni, inayoandika kila kanuni imefanya nini kwa barua ipi, nikangoja. Barua ya mnada ilipoingia, kumbukumbu ikaonyesha kwamba imehamishwa na kanuni ya Ada. Kanuni hiyo, ambayo fundi aliiweka juu kabisa, ilisema kichwa cha barua kikiwa na "ada", barua ihamishwe. Na programu haitafuti neno zima, hutafuta mfuatano wa herufi, nalo neno "mnada" limebeba "ada" tumboni. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, hivyo ile ya Mnada haikupata kitu cha kukamata.

Nilimpigia fundi simu, akaniagiza niandike "ada ya". Nikatii. Kesho yake barua yenye kichwa "Malipo baada ya mnada" ikaingia folda ya Ada, kwa sababu "baada ya" nayo ina herufi hizo hizo. Huyu ni mtu anayezungumza Kiswahili tangu utotoni!

Nimekifuta kigezo cha kichwa, nikaweka cha mtumaji, kwa kuwa taarifa za ada hutoka kwenye anwani moja tu ya benki. Kanuni ya Mnada nimeipandisha juu, kisha nikaiendesha kwa mkono ndani ya folda ya Ada. Zikatoka barua 14, ikiwemo ile ya sampuli.

Nilipodai fedha za chama, fundi alinijibu kwamba 30,000 ilikuwa ya Windows, si ya kanuni. Nani alimwomba Windows?