Shairi la korosho: ni guni, au mizani nahesabu vibaya?

Chipukizi_Lindi:
Wakubwa shikamooni. Niko kidato cha nne hapa Lindi mjini. Mwalimu katutungia shairi la beti nne, tueleze umbo, mizani (idadi ya silabi) na toni. Ubeti wa kwanza:

*Mtwara nimerejea, sina kitu mfukoni,*
*Mnada naungojea, korosho zipo ghalani,*
*Mke ananichekea, hajui yangu moyoni,*
*Subira ninakulea, ukue nami nyumbani.*

Mshororo wa mwisho unarudi kila ubeti. "Mtwara nimerejea" napata 7, ila "korosho zipo ghalani" 8. Ni guni, yaani shairi lililovunja kanuni za mizani na vina (silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande)? Toni nimeandika furaha, maana kafika kwao na mke anacheka. Mwenzangu anabisha.

Mzee_wa_Vina:
Marahaba mjukuu. Guni wapi! Hiyo M inajitegemea: M-twa-ra, tatu. M-na-da, tatu. M-ke, mbili. Ila usiichomoe ng ya "naungojea", pale imeshikana na o: na-u-ngo-je-a. Soma kwa sauti huku unagonga meza kwa kidole. Ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) 8, utao (kipande cha pili) 8, mishororo yote minne. Ni tarbia (mishororo minne kila ubeti) yenye kiitikio. Kama ni mtiririko (vina vilevile beti zote) au ukaraguni (vina vinabadilika kila ubeti), angalia vina vya beti zilizobaki, mimi sijaziona.

Binti_Mikindani:
Babu kamaliza umbo. Toni sasa: anayecheka ni mke, si msemaji. Mwenzako yuko sahihi.

Mkulima_Tandahimba:
Vina sivijui, hali hiyo naijua. Tangu stakabadhi ghalani ianze msimu wa 2007/08, korosho unapeleka ghalani, pesa mpaka mnada upite na malipo yaingie. Mtu ana mali, nauli hana. Huyo hafurahi wala halii, anajikaza tu. (Na mke anajua, wasidanganyane.)

Chipukizi_Lindi:
Basi niandike masikitiko?

Binti_Mikindani:
Hayo ni nusu, mdogo wangu. Subira "analelewa", tena anaombwa akue. Maana yake bado mchanga, hajatosha. Tashihisi hiyo (kuipa subira sifa za mtu) ndiyo inayobeba toni. Andika wasiwasi unaofichwa kwa ustahimilivu, halafu nukuu "hajui yangu moyoni" papo hapo. Toni isiyo na nukuu wasahihishaji wanairuka.

Mzee_wa_Vina:
Na "sina kitu mfukoni" umeihesabu?

Chipukizi_Lindi:
Si-na-ki-tu-m-fu-ko-ni. Nane, babu! Nahamia ubeti wa pili.