Dawa za kuku kwa cheti cha daktari tu: sisi wa Pemba tutafanyaje?

Mama Mayai, Vitongoji

Asalaam alaykum. Mie nafuga kuku wa mayai hapa Vitongoji, mwaka wa sita huu. Nataka jawabu la watu wanaofuga au wanaotibu.

Baada ya Idi niliingiza vifaranga 300 vilivyokuja kwa boti kutoka Unguja. Aliyeniuzia alinambia niwape unga wa OTC, yaani oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kutibu bakteria, siku tano za mwanzo, kisha nirudie kila mwisho wa mwezi, wasije wakapata kitu. Nikafuata. Huku kwetu sote ndivyo tufanyavyo; dawa naipata duka lile lile ninalonunua pumba, na sijaulizwa hata siku moja ni ya nini.

Wiki ya saba wakaanza kupinda shingo, kinyesi kijani, wanaanguka mmoja mmoja. Nikaongeza dozi. Nikabadilisha dawa. Mwisho nikachanganya mbili kwenye ndoo moja. Walibaki 118.

Bwana mifugo alipofika alinambia hicho ni kideri, na kideri ni virusi, ningewanywesha duka zima lisingefaa kitu. Lililoniumiza zaidi ni jingine. Kuku wangu wakubwa walikuwa wakinywa ndoo hiyo hiyo, na mayai yao niliendelea kuyauza. Trei nne zilikwenda kwa mwalimu mwenye watoto wadogo. Hakuna aliyewahi kunambia kwamba mayai yana siku za kusubiriwa baada ya dawa.

Sasa wapo wanaosema serikali ikaze kamba, antibiotiki za mifugo zisiuzwe bila cheti cha daktari. Moyo wangu unakubali. Lakini yule bwana mifugo nilimpigia Jumatatu, akafika Jumatano, na si kosa lake, ana shehia nyingi na pikipiki moja. Nchi zilizoweza zilifanyaje?

Ng'ombe Watatu, Mahonda

Pole dada. Cheti kitaongeza gharama tu na dawa zitapita njia za panya. Watu wapewe elimu, basi.

Mstaafu wa Mifugo, Mwera

Mwanangu, pole sana. Nimefanya kazi hii miaka 31, Unguja na Pemba, na ulichokieleza nimekiona mabanda mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Usijilaumu peke yako kwa mayai yale. Aliyekuuzia dawa alikuwa na wajibu wa kukwambia.

Ndugu wa Mahonda, elimu naipenda, lakini hakuna nchi ninayoijua iliyopunguza dawa hizi kwa elimu pekee. Uswidi walipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986. Nguruwe wadogo wakaanza kuhara wanapoachishwa kunyonya, ikabidi warekebishe mabanda na chakula. Yaani sheria ilikuja na kazi, na kazi waliifanya.

Denmark ndiyo ninayoitaja kila ninapopata nafasi. Madaktari wa mifugo wa kule walikuwa wakiandika dawa na wakiziuza wenyewe. Mwaka 1995 serikali ikabana faida wanayopata kwenye mauzo, na matumizi ya baadhi ya dawa yakashuka upesi. Baadaye wakaweka daftari la taifa la kila dawa inayoingia kila shamba, na tangu 2010 shamba la nguruwe linalozidisha hupewa kadi ya njano, kama ya mpira. Huwezi kumwonya mtu aliyezidisha kama hujui wenzake wanatumia kiasi gani. Na tangu Januari 2022, Umoja wa Ulaya umekataza kuwapa mifugo antibiotiki kwa mazoea. Hiyo "wasije wakapata kitu" uliyoambiwa wewe, kule sasa ni kosa la kisheria.

Sisi watu wa bahari tuwatazame Norwei. Mwaka 1987 wafugaji wao wa samoni walitumia karibu tani 50 za antibiotiki. Ikaja chanjo nzuri, wakaichukua. Miaka kumi baadaye hawakufikisha tani moja, na samaki walikuwa wameongezeka.

Kwa hiyo mimi ningeanza na chanjo ifike Vitongoji na Konde kama dawa zinavyofika, na chupa ziwe za mfugaji mdogo. Chanjo ya kideri ikishachanganywa haikai. Mwenye kuku 60 hununua chupa ya mamia, nyingine humwaga. Mwaka unaofuata hainunui. Hapo ndipo ruzuku ingefaa hasa. Cheti kije pamoja na hilo, na kiweze kutolewa kwa simu mfugaji akituma picha. OTC ni ndugu wa tetrasaiklini wanayopewa watu hospitali. Vijidudu vikishaizoea kwenye banda, vinaweza kuhamia kwa anayelifagia.

Muuza Dawa, Fuoni

Shikamoo mzee. Mimi nauza hizo dawa. Mteja anakuja na kuku mfu ndani ya mfuko, analia, anataka dawa sasa hivi. Nikimkatalia anavuka barabara, jirani yangu anamuuzia. Kwa hiyo sheria naitaka, ila ishike maduka yote siku moja.

Na jambo moja dogo lingesaidia kesho asubuhi: kibandiko cha Kiswahili. Siku za kusubiri mayai na nyama zimeandikwa nyuma ya pakiti kwa maandishi ya sisimizi, kwa lugha ambayo wateja wangu wengi hawaisomi. Nimeanza kuziandika kwa kalamu kwenye kila pakiti.

Mstaafu wa Mifugo, Mwera

Marahaba. Endelea hivyo hivyo.

Mama Mayai, Vitongoji

Ahsanteni sana. Nimeongea na majirani watatu, tutanunua chupa moja ya chanjo na kuwachanja wote asubuhi moja, kuanzia kwangu. Barafu atatoa muuza samaki. Mzee, chanjo hii tutawanywesha kwa maji, na ya bomba yana klorini inayoiharibu. Je, ya kisima yanafaa kuchanganyia?

Mstaafu wa Mifugo, Mwera

Ya kisima, yawe safi na hayajatiwa dawa. Wanyime maji kwa muda wa saa mbili kabla ya chanjo, na ndoo usioshe kwa sabuni.

Mama Mayai, Vitongoji

Nimeelewa. Yule mwalimu nilikwenda kumwambia jana.