Naomba ushauri: GPA yangu ina mabonde, niombe shule ya sheria Marekani?

Habari zenu wakubwa. Niko Moshi, nina shahada ya uchumi, GPA 3.2 kati ya 5. Mwaka wa pili ndio ulioniangusha. Mama alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mtihani wa takwimu niliingia nikitoka kulala kwenye benchi la hospitali, shati lile lile la jana. Nikapata D. Mwaka wa tatu ni A na B+ tupu.

Sasa nataka JD, shahada ya sheria ya Marekani, ile ya miaka 3. LSAT, mtihani wa kuombea shule za sheria, najisomea alfajiri kabla sijafungua duka la mjomba pale Mbuyuni; majaribio yananipa 161 hadi 163, juu kabisa ni 180. Matokeo ya vyuo vya huku hayageuzwi kuwa GPA ya kwao, yanapewa tathmini ya jumla tu, ndiyo maana naogopa ule mwaka wa tatu usije ukamezwa.

Je, niambatanishe barua fupi ya kueleza mwaka wa pili? Mama alishatangulia, sitaki ionekane naombea huruma kwa jina lake. Au nisubiri mwaka mmoja, nipandishe LSAT kwanza? Waliopita njia hii naomba mnisaidie.